Shemeji Ameiona Bahari

Kwako Mama Nafula, popote malaika walipokupa chumba,

Najua utauliza habari ya samaki kabla ya kuuliza yangu. Kwa hivyo nakujibu upesi, ndipo usome haya mengine ukiwa umetulia: sijamla. Jirani yetu Odhiambo pia hajamla. Yuko hai, mnene, na tangu juzi anakaa mahali ambapo mimi na wewe hatukuwahi kukaa, nyumba ya vioo, taa za kila rangi, na maji ambayo hayakatiki. Nimesema hayakatiki, Mama Nafula. Sisi hapa Makongeni bomba likikohoa tu watu wanapiga vigelegele na kugombania foleni ya ndoo, na Shemeji huko anaelea kama waziri.

Sasa tulia nikupe yote. Ulipokuwa hai hukuniacha nimalize hadithi hata moja, ulikuwa unaingilia kati kunirekebisha. Leo utanyamaza. Nafasi hii nimeingoja tangu tuoane.

Unakumbuka alivyokuja. Nafula ndiyo kwanza alikuwa anatambaa, anakwangua chokaa ya ukuta na kuila. Jiko letu la makaa lilikuwa limepasuka tumbo, na wewe ukaniambia, "Ukienda kwenu uniletee udongo mzuri, ule mweusi, nilikandike." Nikaenda Busia kumwona mama. Ilikuwa kiangazi, kinamasi cha kwetu kimekauka mpaka kinalia ukikikanyaga, na vijana walikuwa wanachimba kamongo. Wewe mtoto wa Kitui hayo hukuyajua. Kamongo ni samaki asiyetaka makelele: maji yakiisha halalamiki kwa mtu, anaingia ndani ya matope, anajifunga ute wake kama mtoto kwenye shuka, analala. Udongo unakauka juu yake, yeye amelala. Mvua ikirudi anaamka na kuuliza chakula. Basi nikabeba donge zima kwenye gunia, kubwa kama kichwa cha fahali, kamongo akiwa ndani. Mawazo yangu yote yalikuwa kwenye supu.

Nilipofika niliweka gunia jikoni, nikaenda zangu kazini kupaka grisi magurudumu ya mabehewa. Sikukwambia kitu, nilitaka kukushangaza. Wewe ukaona udongo. Ukasema moyoni, leo huyu mwanamume amekumbuka nilichomtuma. Ukautia kwenye karai, ukamwaga maji, ukauacha ulainike, ukaenda kufua. Uliporudi ukakunja mikono ya gauni, ukazamisha viganja, ukaanza kukanda.

Ile kelele yako, wanasema hata huko karakana watu walitazama saa wakidhani ni king'ora cha chakula cha mchana.

Nilipofika ulikuwa juu ya meza, Nafula kwapani, ufagio mkononi, majirani wote wamejaa mlangoni. "Nyoka! Umeniletea nyoka ndani ya udongo!" Kwenu samaki wote walikuwa nyoka tu, hata yule wa kwenye mkebe. Nami, kwa vile nilikuwa kijana na mdomo wangu haukuwa na breki, nikakujibu, "Nyoka gani? Huyo ni ndugu yangu, ametoka nyumbani. Msalimie shemeji yako."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Wewe hukucheka. Ulishuka mezani polepole, ukainama juu ya karai, ukamkagua. Naye akatoa pua nje ya maji, akavuta hewa, kwaap! kama mzee anayeonja chai ya moto.

"Anapumua," ukasema.

"Anapumua, ndiyo. Jioni hatapumua."

Ukanigeukia na matope yako mpaka kwenye viwiko. "Mtu ametoka kwenu amefungwa kwenye udongo, amelala njia nzima, ameamka ndani ya nyumba yangu, halafu nimpike? Mimi nitaitwa mke wa namna gani?"

Hapo ndipo supu yangu ilipoaga dunia.

Halafu likaja lile bafu la chuma. Lilikuwa limetupwa nyuma ya nyumba za mabwana wakubwa wa reli, miguu yake kama ya simba, na wewe ukatulazimisha mimi na Odhiambo tulibebe mchana kweupe mpaka nyuma ya nyumba yetu, chini ya mtiririko wa mabati. Odhiambo alibeba upande wake kwa moyo safi kwa sababu alidhani tunamnenepesha. "Jirani," aliniuliza kila mwezi, "yule sasa amefika?" Nikimwambia bado, anasikitika kama mtu ambaye treni imechelewa.

Na omena, vile vidagaa vya ziwani! Wewe ambaye ulikuwa ukipita sokoni Jericho unafunga pua kwa leso, ukawa mteja wa omena. Yule mama muuzaji akakuuliza, "Kumbe umeanza kula?" Ukamjibu bila kupepesa jicho, "Si mimi. Ni shemeji yangu." Mtaa mzima ukapata habari kwamba una shemeji mlafi anakaa kwako hana kazi, hatoki nje, na wamama wa kanisa wakaja na Biblia zao kukuombea avunjike moyo arudi kwao. Ulipowapeleka nyuma wakamwone, mwenyekiti wao alipoteza kiatu akikimbia. Bado kipo, kile kiatu. Hakuwahi kukirudia.

Jioni je? Kila jioni ulimfunika kwa kipande cha bati paka wasimfikie, na kabla ya kufunika ulimwambia, "Koma nesa." Odhiambo, huko upande wake wa ukuta, alidhani unamfokea. Aliniambia siku moja, "Mke wako ni mkali, bwana. Hata samaki anaambiwa akome."

Mimi sikumcheka sana, kwa sababu neno hilo lilinipata mimi kwanza. Si unakumbuka tulipooana? Mimi na Kiswahili changu cha darasa la nne, nimejisogeza karibu kwa heshima zote, wewe kwa sauti ya nusu usingizi ukasema, "Koma." Nikarudisha mkono kama mtu aliyegusa pasi ya moto. Nikalala ukingoni mwa kitanda nimeutazama ukuta, nikijiuliza nimeoa nani. Kulipokucha ndipo ukanieleza, ukicheka mpaka ukakaa sakafuni, kwamba kwenu koma ni lala tu, na nesa ni vizuri. Tangu siku hiyo neno hilo nalipenda kuliko amina. Usimwambie mchungaji, kama naye amefika huko.

Na ule mwaka maji yalipopotea kabisa. Bafu lilikauka, Shemeji akazama kwenye udongo uliomwekea chini, udongo ukapasuka, na juu yake pakabaki kitundu kidogo tu. Nilipochungulia nikavua kofia. Odhiambo akaja na nyanya na vitunguu, akasema ni mchango wake wa matanga. Wewe ukatoka nje, ukatuona, ukasema, "Amekoma."

"Ndiyo, Mama Nafula, amekoma," Odhiambo akasema, uso wa huzuni, mkono unatafuta kisu. "Pole sana. Tumzike vizuri."

"Nimesema amekoma! Amelala, nyinyi! Amelala!"

Ukakaa kwenye kigoda kando ya lile bafu mpaka tukaondoka na vitunguu vyetu. Na mvua ilipokuja, mabati yakatiririka, maji yakajaa, na udongo ukaanza kucheka viputo. Kwaap! Uliniangalia kwa ule uso wako wa ushindi ambao sijawahi kuusamehe.

Lakini kuna jambo moja la Shemeji lililonisumbua miaka yote. Bahari. Mimi reli ilinipeleka Mombasa nikachoka, na kila mwaka tulipewa pasi ya familia, kusafiri bure, wewe na watoto. Kila mwaka nilikuletea pasi, na kila mwaka ukaitia chini ya kitambaa cha redio mpaka ikapita wakati wake. "Twende uione bahari, Mama Nafula." "Na Shemeji ataachwa na nani?" Watoto walienda. Wewe hukwenda. Niliamini unaogopa treni. Nilikutania mbele ya watu kwamba mke wa mtu wa reli anaogopa treni, nawe ukaacha watu waamini hivyo.

Ni kule hospitalini uliponiambia. Ulikuwa umebaki sauti tu na macho. Ukasema, "Baba Nafula, mimi sikuogopa treni."

"Uliogopa nini sasa?"

"Niliwaogopa nyinyi. Ningeenda Mombasa na wewe, Odhiambo angebaki. Ningeenda peke yangu, mngebaki wawili. Ningerudi nipate mifupa."

Nilicheka mpaka nesi akaja. Nawe ulicheka, kidogo, kwa kadiri ya pumzi. Halafu ukanishika kidole. "Usimle."

"Nitamtafuna na meno gani?"

"Odhiambo anayo. Usimpe. Na usimtupe mtoni. Mto wetu huo una kila kitu isipokuwa maji. Mtafutie mahali pazuri."

Nikasema sawa. Na ukweli ni kwamba mimi nikisema sawa kwako, huwa sawa.

Basi sasa Nafula ameamua. Anasema magoti yangu hayafai tena kukaa peke yangu, nihamie kwake, kwenye gorofa, juu kabisa ambako kunguru wanapita chini yako. Amepanga chumba, amenunua hata kiti cha mzee. Nimekubali, kwa sababu mtoto wako akiamua anakuwa wewe. Lakini bafu la chuma halipandi ngazi, na mwenye gorofa alipoambiwa kuna samaki asiyekaa kwenye kioo, anayepumua kama mtu, alisema hapana kabla sentensi haijaisha. Mwisho wa mwezi nakabidhi funguo za hapa. Kwa hivyo swali likawa moja tu, na lilinikosesha hamu ya chai: Shemeji aende wapi?

Odhiambo alijitolea siku hiyo hiyo. "Niachie mimi. Nitamwangalia."

"Utamwangalia akiwa wapi?"

"Mwanzoni, kwenye maji."

Ni Nafula aliyepata habari ya lile jumba la samaki. Wamelijenga upande ule mwingine wa mji, kwa matajiri wenye nyasi za kumwagiliwa. Wana samaki wa mito na maziwa, na pia wameleta bahari. Sitanii. Wanatia chumvi kwenye maji, wanaipima kama daktari, wanatengeneza bahari yao wenyewe hapa Nairobi. Nafula akapiga simu, akatuma picha ya Shemeji, na wakasema mleteni, wana nafasi ya kamongo. Nikamwambia, "Ngoja kidogo. Wewe ulipoolewa, tulikutoa bila kwenda kuona boma? Twende tukaone boma."

Nikavaa suti niliyovaa kwenye harusi ya Nafula, tai, na kofia. Nikamchukua Odhiambo, maana mambo ya kuuliza nyumba mtu haendi peke yake, lazima awe na mzee mwenzake wa kukohoa panapostahili. Tukabeba sukari, majani ya chai na leso mpya. Askari wa langoni akafungua mfuko.

"Mzee, chakula hakiruhusiwi ndani."

"Hiki si chakula, ni heshima. Tumekuja kuona boma."

"Boma la nani?"

"La samaki."

Akamwangalia Nafula. Nafula akaangalia viatu vyake.

Ndani kuna giza na ubaridi kama sinema. Unaanza kwa kupita chini ya maji, kwenye kichochoro cha kioo, na papa wanapita juu ya kichwa chako wameonyesha tumbo na meno. Nikaona Odhiambo amevua kofia. Nikamuuliza kwa nini. Akaninong'oneza, "Huyu ni mtu mkubwa." Baadaye kidogo, alipokuta chewa mnene amelala pembeni, alirudia hali yake. "Huyu na nyanya mbili tu," akasema. "Sitaki hata viungo." Mama mmoja aliyekuwa na watoto akawavuta karibu naye.

Halafu tukatokea kwenye mwamba wa matumbawe, na hapo, Mama Nafula, mdomo wangu ulijifunga. Unajua hilo si jambo la kila siku.

Ni ukuta wa kioo, mkubwa kuliko mbele ya kanisa letu. Ndani kuna mlima, na mlima wenyewe una rangi: zambarau, kijani cha embe bichi, manjano ya mahindi ya kuchoma, waridi la ulimi wa ng'ombe. Na unayumba majini kama pazia. Na samaki wanapita mbele yake kama wamama wakitoka kwenye kongamano la kanisa, kila kundi na sare yake, mistari kwa mistari, madoa kwa madoa, hakuna anayemwangusha mwenzake. Kuna mmoja mdogo kama kidole ambaye kazi yake ni kinyozi. Wale wakubwa wanapanga foleni, wanafungua midomo, yeye anaingia mpaka ndani kusafisha meno, anatoka mzima. Odhiambo akasema, "Yule kinyozi wangu wa Jericho angekuja kujifunza hapa. Mimi nikifungua mdomo ananiuliza siasa."

Kulikuwa na msichana wa pale aliyetupokea, amevaa gambuti, anaitwa Mwende. Nilimpa sukari na majani ya chai, akapokea kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo, nikajua ana mama yake. Nikamwambia hayo mawe yao ni mazuri. Akasema, "Siyo mawe, babu. Ni wanyama. Wadogo wadogo, maelfu, kila mmoja na chumba chake kimoja. Wamebanana ukuta kwa ukuta, na wanajenga juu ya nyumba za waliotangulia."

"Mwanangu," nikamwambia, "hiyo unayoniambia ni Makongeni."

Alicheka akashika kioo. Lakini mimi sikuwa natania tu. Nilisimama nikawatazama hao watu wa chumba kimoja, wanavyong'aa.

Kisha akanionyesha pono. Mimi maisha yangu yote nimesikia watu wakisema fulani analala usingizi wa pono, nami nimesema hivyo hivyo juu ya Odhiambo, na sikuwahi kujua pono ni nani. Ni samaki wa kijani na bluu, mdomo kama wa kasuku, anayatafuna matumbawe kama mtu anayekula muwa. Mwende anasema hayo anayotafuna yanatoka nyuma yakiwa mchanga. Ule mchanga mweupe wa Pwani, ambao watalii wanapanda ndege waje walalie, mwingi ni mavi ya pono. Natamani ungekuwepo nilipomweleza Odhiambo.

"Na usingizi wake?" nikauliza.

Mwende akatoa simu. Picha ilikuwa ya huyo huyo pono, amejificha kwenye upenyo wa mwamba, na amezungukwa na kitu kama mfuko mwembamba, kama karatasi ya nailoni. "Akitaka kulala anatoa ute," akasema, "anajifunga wote. Adui hamnusi. Asubuhi anautoboa anaenda zake."

Nikaichukua simu nikampa Odhiambo naye aone. Sote wawili tulimfahamu mtu wa namna hiyo. Tulimtoa kwenye udongo wa Busia na akakaa kwetu kwenye bafu. Kumbe hata baharini Shemeji ana ukoo.

Basi tukaingia kwenye mazungumzo. Nikamwambia Mwende aniwekee Shemeji hapo, katikati ya hao wamama wa sare, apate kampuni. Akatikisa kichwa. "Hapo chumvi itamuua, babu. Yeye tutamweka kwenye maji baridi."

Nikasimama. "Maji baridi hapana. Huyo amezoea bafu la juani. Atashikwa na kichomi."

"Babu, maji baridi ni maji yasiyo na chumvi. Tutayapasha moto."

"Maji baridi mtayapasha moto?"

"Ndiyo."

"Na bado yataitwa baridi?"

"Ndiyo, babu."

Odhiambo akakohoa panapostahili. "Na huyu samaki ana mapafu kweli," akasema, "kwa hivyo kichomi si maneno ya bure." Mwende akakubali kwamba mapafu anayo, akafuta machozi ya kicheko, akatupeleka kuona chumba. Ni tangi refu, matope mazuri chini, mimea, na kona ya kujificha. Nikauliza majirani ni akina nani: ngege na kambare, watu wa kwetu. Nikauliza chakula: minyoo, konokono, samaki wadogo. Nikauliza kama wafanyakazi wa pale wanakula samaki. Akasema wengine. Odhiambo akaninong'oneza, "Uliza ni wangapi." Nikamwambia anyamaze, yeye ndiye alikuwa wa kwanza kwenye orodha.

Kisha nikageuka kutazama nje ya hilo tangi, mahali ambapo Shemeji angekuwa anatazama. Ng'ambo ya njia, mbele yake kabisa, ulikuwa ule ukuta mkubwa wa matumbawe. Anga nzima ya bluu. Ukikaa kwenye tangi lile, kila siku ya Mungu unaamka ukiitazama bahari.

Nilikaa kwenye benchi. Nafula akadhani ni magoti.

Lilibaki sharti moja, na hilo ndilo nililokuwa nimelibeba tangu asubuhi. Nikamuuliza Mwende, "Jioni anayefunga hapa ni nani?"

"Mara nyingi mimi."

"Na kwenu ni wapi?"

"Mwingi."

Mama Nafula, nilipiga kofi. "Mwingi ya Kitui? Basi wewe ni wa upande wa mke wangu, na huyu ni shemeji yenu! Sasa sikiza. Kabla ya kuzima taa kuna neno analoambiwa. Asipoambiwa anakaa macho." Hilo la kukaa macho nililitunga hapo hapo. Tangu uondoke mimi ndiye nilikuwa namwambia, kwa Kikamba changu cha Busia, na sijui kama alielewa au alinionea huruma. Nikamwambia Mwende neno lenyewe. Akalirudia polepole, kisha akasema, "Nyanya yangu alikuwa ananiambia hivyo." Akaahidi. Nikampa ile leso.

Juzi ndiyo tukampeleka, kwenye beseni kubwa, gunia bichi juu, nyuma ya pikapu ya jirani. Njia nzima Odhiambo alikaa naye huko nyuma, ameshika beseni kwa mikono miwili. Nilimchungulia mara kwa mara, unajua kwa nini. Hakufanya kitu. Alikuwa anamsemesha Kijaluo.

Wakamtia kwenye tangi. Akazama mpaka chini, akalala kwenye matope kama kipande cha kuni, na hakusogea tena. Tukangoja. Mwende akaanza kuuma mdomo. Nafula akanishika mkono na kusema, "Baba, labda safari imemchosha." Watoto waliokuwa wanatazama wakasema amekufa, wakaenda kwa papa. Mimi nikawaza ile ahadi ya hospitalini, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba ningeweza kukutana na wewe huko nikiwa na maneno ya kujieleza.

Odhiambo ndiye aliyesema. Alisogea kwenye kioo, akaweka paji la uso hapo, na huyu mtu aliyemngoja na nyanya miaka yote hiyo akasema, "Hapana, wewe. Hajakufa. Amekoma tu."

Na Shemeji akapanda. Polepole, kwa yale mapezi yake membamba kama nyuzi, kama mzee anayeinuka kwenye kiti, akapanda mpaka juu, akatoa pua. Kwaap! Ukumbi mzima ulisikia. Halafu akateremka, akageuka, na akasimama ameelekeza uso ng'ambo, kwenye matumbawe. Macho yake ni madogo, yanafaa karani aliyepoteza miwani, na Mwende anasema huenda haoni mbali. Wacha aseme. Mimi nilimwona. Ameiona bahari, Mama Nafula, kwa niaba ya mtu aliyekaa nyumbani kumlinda.

Odhiambo alikuwa analia. Nilipomtazama akasema ni uchungu wa supu iliyompita.

Waliandika kibao karibu na kioo. Kuna jina refu la kizungu ambalo sikulisoma, na chini yake, kwa herufi za kusomeka hata na mimi: SHEMEJI, KUTOKA MAKONGENI. Nilitaka waongeze Busia. Wamesema nafasi haitoshi.

Lile bafu la simba nimempa Odhiambo apande sukuma wiki. Jumamosi nahamia kwa Nafula. Usiwe na wasiwasi juu yangu, nyumba ya gorofa si gereza, na tayari nimegundua mama wa chini yetu hajui kucheza drafti. Kila mwezi Nafula atanipeleka kwenye lile benchi. Nitakaa katikati, Shemeji upande huu, bahari upande ule, na nafasi ya mtu mmoja pembeni yangu ambayo sitampa mtu, hata askari akiniambia nisogee.

Kuna jambo la mwisho. Shule yangu ilikuwa fupi, na alama nilizotoka nazo ni mbili: nukta na koma. Mwalimu alisema nukta ni ya kumaliza. Koma, alisema, ni ya kupumzika tu, unavuta pumzi, halafu maneno yanaendelea. Nimekuwa nikiliwaza hilo tangu tulipokupeleka Busia. Tulikulaza kwenye udongo wa kwetu, ule mweusi, ule ule alimotoka Shemeji, na watu walilia kama kwamba mambo yamekwisha. Mimi niliutazama ule udongo na nikaujua. Nimeona unachofanya maji yakirudi. Nimeona kwenye karai, nimeona kwenye bafu, na juzi nimeona kwenye kioo.

Kwa hivyo hapa chini siweki nukta.

Koma nesa, Mama Nafula,

Baba Nafula, mume wako